Kurasa Tisa za Njano

Binti yake Dennis Orme alinipigia simu Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa jikoni namenya viazi. Alijitaja jina, akasema baba yake amefariki Jumanne hospitalini, akasema mazishi yatafanyika Sutton Coldfield baada ya wiki mbili na kwamba familia haihitaji maua. Yote hayo aliyasema kabla sijakiweka kisu chini. Simlaumu. Nimefanya kazi ya gazeti katika jiji hili la Birmingham kwa miaka ishirini na minane, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa: aliyekufa awekwe kwenye mstari wa kwanza, kisha wapi, kisha lini, na mengine yafuate. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wengi kufanya hivyo. Kisha akasema ana ombi. Bi Gunvor alikuwa hajaambiwa. Binti huyo hakuwa na uhusiano naye wa karibu, na wahudumu wa nyumba ya wazee ya Northfield walitaka habari ile ipelekwe na mtu aliyezoeana naye. Je, ningekubali kwenda? Nikasema nitakwenda Jumamosi. Akauliza kwa nini nisiende leo hii hii, maana nyumba ya wazee haiko mbali na kwangu. Nilimpa jibu la kubabaisha kuhusu gari langu. Jibu la kweli ni refu kuliko simu, na limo ndani ya mwaka mmoja tu, mwaka wa 1972, niliokaa meza moja na watu hao wawili.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasomea uhazili katika chuo kimoja cha mjini. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya Ami Abdalla na mkewe Bi Salma, watu wa Unguja, kule Washwood Heath. Ami Abdalla alifanya kazi katika kiwanda cha magari zamu ya asubuhi, na Bi Salma alishona nguo za watu chumba cha mbele, cherehani yake ikiwa imeelekezwa dirishani ili asipitwe na jambo la mtaani. Siku moja mwezi wa Januari niliona kadi imebandikwa kwenye kioo cha duka la magazeti karibu na chuo. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: anatakiwa mpiga taipu makini kwa kazi ya fasihi, siku tatu kwa wiki, Northfield. Nilipanda mabasi mawili. Mwanamke mrefu mwenye nywele fupi alinifungulia mlango, na kabla hajasema neno nilinusa iliki. Nilisimama pale kizingitini nikinusa kama mtu aliyepotea njia akatokea jikoni kwao. Alikuwa anaoka mikate midogo ya kusokota, ya kwao Uswidi, na kumbe huko kaskazini ya dunia wanatia iliki katika unga kama tunavyotia sisi katika maandazi. Sikuwahi kumwambia, lakini kazi ile niliikubali palepale mlangoni.

Jina lake lilikuwa Gunvor. Alikuwa ameolewa na mhandisi Mwingereza, mtu mpole aliyekuwa safarini mara nyingi, na wakati ule alikuwa ameishi Birmingham miaka kumi na sita. Alinitaka nimwite Gunvor tu. Mimi ulimi ulinikatalia, kwa hiyo usoni pake nilimwita kwa jina la mumewe kama Waingereza wafanyavyo, na moyoni nilimwita Bi Gunvor. Kazi yake ilikuwa kutafsiri riwaya za Kiswidi kwa Kiingereza. Alikuwa ametoa moja tu, na gazeti moja la London liliisifu hadithi lakini likasema Kiingereza chake kinatembea na viatu vya mbao. Sentensi hiyo aliikata akaibandika juu ya sinki la kuoshea vyombo. Ndipo akamtafuta Bwana Orme.

Bwana Orme alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wavulana. Kiswidi hakujua hata neno la salamu. Kila Jumamosi alitoka Sutton Coldfield kwa treni hadi mjini, akapanda basi mpaka Northfield, na mfukoni mwa koti akiwa na kipande cha pai kilichofungwa kwenye gazeti, kwa sababu hakuamini kwamba samaki wa siki wa chupani wa Bi Gunvor ni chakula. Mimi aliniita Miss Zuhura, na ameniita hivyo mpaka uzeeni. Utaratibu wetu ulikuwa huu. Siku za kawaida Bi Gunvor alisoma sentensi ya Kiswidi kwa sauti, ingawa msikilizaji alikuwa mimi peke yangu na sikuambulia kitu. Alisema lazima sentensi ipite hewani kwanza. Kisha alinitajia Kiingereza chake kibichi, nami nikakipiga taipu kwenye karatasi ya njano, bila kurekebisha lolote. Jumamosi Bwana Orme alizichukua karatasi za njano, akakaa kwenye kiti cha dirishani, na penseli yake ikaanza kazi: hapa anafuta, hapa anaunganisha, hapa anaandika upya pembeni. Akimaliza, nilipiga yote tena kwenye karatasi nyeupe, na nakala mbili za kaboni. Njano ilikuwa mbichi na nyeupe ilikuwa mbivu. Nyeupe peke yake ndiyo iliyokwenda London. Bwana Orme alikuwa na tabia ya kuinua karatasi ya njano puani na kusema hii bado ina harufu ya boti iliyoileta kutoka Uswidi, na Bi Gunvor alicheka kila mara, hata mara ya ishirini.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kulia chakula. Katikati palikuwa na meza ya mti mweupe, taipureta yangu upande wa ukutani, kamusi tano zimepangwa kwa unene, na sinia la kahawa lenye vikombe vitatu vya bluu. Majira yale ya baridi umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, na kukikatika saa tisa mchana Bi Gunvor aliwasha mishumaa miwili bila kulalamika, akasema kwao jua lenyewe lilikatwa Novemba likarudishwa Februari. Tulikula mezani palepale, karatasi zikisogezwa pembeni: viazi vya kuchemsha, mkate mkavu unaovunjika kama kigae, na baadaye mikate ya iliki. Mkate wa kwanza wa siku yangu ya kwanza niliukataa. Nilisema nimeshiba, kama nilivyolelewa. Akaniuliza tena, nikakataa tena. Mara ya tatu nikapokea. Bi Gunvor alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema mama yake angenipenda. Bwana Orme yeye hakungoja kuulizwa. Alisema ndiyo, asante, mkono ukiwa tayari kwenye sahani. Toka siku hiyo ukawa mchezo wetu. Mimi nakataa mara mbili, Bi Gunvor anasisitiza mara mbili, na Bwana Orme anauliza kama anaweza kula changu wakati mjadala unaendelea.

Riwaya ya mwaka ule ilitungwa na bibi mmoja mzee aliyeishi kaskazini kabisa, asiyesoma Kiingereza. Ilihusu watu wanaoelesha magogo mtoni kuyapeleka viwandani, na wake zao. Bibi huyo alikuwa ameruhusu kitabu kitafsiriwe kwa sharti moja, aliloliandika kwa mstari mmoja wa barua: pasiwe na mtu yeyote humo atakayesema zaidi ya alivyosema. Bi Gunvor alimwahidi. Barua hiyo aliihifadhi ndani ya kamusi kubwa, nami niliiona mara kwa mara kila nilipoifungua kutafuta neno. Kwa hiyo wakati ule palikuwa na ahadi iliyo ndani ya kamusi, na aibu iliyobandikwa juu ya sinki, na Bi Gunvor alikuwa katikati ya hizo mbili. Kitabu hiki kikisemwa tena kwamba kina viatu vya mbao, hapangekuwa na mchapishaji wa kumpa cha tatu.

Sura ya kumi na moja ndiyo iliyoleta mambo. Mwanamke yuko nyumbani asubuhi, mumewe yuko mtoni. Jirani anaingia, anakaa kwenye sanduku la kuni karibu na mlango, maana kwa desturi yao mgeni hakai mezani mpaka aitwe. Anazungumzia barafu. Anazungumzia farasi jike wa mtu fulani aliyezaa. Mwanamke anampa kahawa, jirani anaimimina kwenye kisahani ipoe, anainywa na donge la sukari katikati ya meno. Kurasa tisa za njano hayo tu. Mwisho wa ukurasa wa tisa mwanamke anasimama, anaichukua sahani ya mumewe iliyokuwa mezani inamngoja, anairudisha kwenye rafu. Sura inayofuata ni mazishi. Nilipozipiga taipu kurasa hizo mwezi wa Machi nilihisi kitu, kama mtu anayepita nyuma yako, lakini nilikuwa na mtihani wa hati mkato wiki ile na sikugeuka kutazama. Bwana Orme alizisoma Jumamosi huku anakula pai. Mhariri wa mchapishaji kule London alikuwa ametuma neno kwamba kitabu ni kirefu, kipunguzwe. Akapiga mstari toka kona hadi kona kurasa nane, wa tisa akauandika upya. Katika nyeupe, jirani anaingia, anavua kofia, anasema: mumeo amekufa, mto umemchukua. Ilikuwa sentensi nzuri, fupi, yenye mshindo. Bi Gunvor aliisoma mara mbili, akaguna, akasema labda. Mimi niliipiga taipu na nakala mbili.

Mwezi wa Mei, Jumapili moja, Bi Salma alinigongea akaniambia nishuke nile nao. Nilikuwa nala nao mara nyingi, lakini Jumapili ile kulikuwa na pilau, na hapakuwa na mgeni wala sikukuu. Nikamwamkia Ami Abdalla, akaniitikia, akaniuliza kuhusu chuo. Aliuliza tena kuhusu chuo baada ya dakika tano, swali lile lile. Alieleza kirefu habari ya mashine mpya kiwandani, yeye ambaye kwa kawaida kiwanda alikiacha getini. Bi Salma aliniwekea nyama ya mfupa, kipande ambacho nyumba ile kilikuwa cha Ami Abdalla siku zote. Wakaja wanawake wawili wa mtaani, tuliojuana kwa salamu tu, wakakaa kwenye kochi bila kusema walichofuata. Nilipomaliza nikainuka kukusanya sahani, maana kuosha vyombo ilikuwa kazi yangu toka siku niliyohamia, hatukuwahi kuijadili. Bi Salma aliushika mkono wangu akasema niache, yeye ataosha. Nikamtazama. Nikakaa chini tena. Nikawa nimejua, isipokuwa sikujua ni nani.

"Ni mama?" nikauliza.

"Kunywa maji, mwanangu," alisema Ami Abdalla.

Nikanywa maji. Ndipo akasema kwamba mama amenitangulia, na wanawake wale wawili wakainuka kutoka kwenye kochi wakaja kukaa nami huku na huku, na nikaelewa walichofuata. Telegramu ilikuwa imefika Alhamisi, kwa jina lake yeye. Ijumaa na Jumamosi Ami Abdalla alikwenda nayo kazini ndani ya mfuko wa ovaroli akairudisha nyumbani. Alikuwa amengoja Jumapili ili asinipe habari ile halafu aniache peke yangu chumbani asubuhi yeye akienda zamu. Sitaki kusema kwamba nililipokea hilo kwa hekima. Nilikasirika. Nilimwambia Bi Salma baadaye, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwamba mimi si mtoto, na kwamba siku tatu nilicheka na kula na kwenda sinema mama yangu akiwa kaburini. Hakubishana. Alisema, "Ndiyo. Tulikuachia siku tatu." Ilinichukua muda kuliona jambo hilo kutoka upande wake, na sidhani kama ningeliona kabisa bila kurasa zile za njano.

Nilirudi Northfield baada ya wiki mbili. Bi Gunvor aliniuliza nilivyopata habari, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa maneno nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: pilau, mashine ya kiwandani, nyama ya mfupa, sahani. Nilipofika kwenye sahani nikaikumbuka sahani nyingine, ile iliyorudishwa kwenye rafu. Sikusema lolote siku hiyo, kwa sababu sikuwa na hakika. Lakini Ijumaa, yeye akiwa sokoni, nilitoa kurasa tisa za njano kwenye boksi la rasimu nikazisoma polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Nilikipata ukurasa wa nne. Jirani anakaribishwa kahawa na anaipokea. Basi. Anapokea mara ya kwanza, bila kukataa. Nikarudi nyuma kwenye njano za sura zote za awali, na kila mahali mtu anapomkaribisha mwenzake kitu, mwenzake anakataa, anaambiwa tena, anakataa, kisha anapokea. Jirani huyu mwenyewe katika sura ya pili alikataa mpaka mara tatu. Asubuhi ile ya mto amesahau adabu yake kwa sababu akili yake iko kwingine, na mwanamke ameshika birika mkononi amekiona hicho. Kurasa tano zinazobaki, za barafu na farasi, mwanamke anaendelea kumimina na kuitikia huku tayari anajua, na jirani anajua kwamba anajua, na hakuna anayemharakisha mwenzake.

Jumamosi nilimngoja Bwana Orme avue koti. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa mpiga taipu. Kazi yangu ilikuwa kutokurekebisha. Niliziweka kurasa tisa mbele yake nikasema naona zinafaa kurudishwa. Alizitazama, akatabasamu, akasema tayari tuliwahi kukutana na kurasa hizi.

"Hakuna kinachotokea hapa, Miss Zuhura. Mtu anakuja, anakunywa kahawa, anaondoka."

"Anamwambia kwamba mumewe amekufa."

"Nionyeshe mstari."

Nikaweka kidole. Nikamweleza kwamba mtu yule siku zote hukataa kwanza, na leo hakukataa. Bwana Orme hakucheka. Alikuwa mwalimu mzuri, na mwalimu mzuri akiletewa hoja huiendea kwenye maandishi. Akavuta bunda la karatasi nyeupe, akafungua sura ya pili, akapekua, akafungua ya tano, ya saba. Alitafuta muda mrefu. Mwishowe akasema, taratibu, kwamba katika kitabu hiki hakuna anayekataa chochote popote.

Alikuwa sahihi, na ndipo sote watatu tulipoelewa tulichofanya. Alikuwa amezifuta yeye mwenyewe, moja moja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hapana, asante, la, usijisumbue, basi, kidogo tu. Kwake yalikuwa marudio yasiyo na maana, maranda ya mti yanayobaki baada ya kuranda. Kwa Mwingereza, anayetaka chai husema ndiyo. Hata tukizirudisha kurasa tisa zilivyo, msomaji asingeona kitu, kwa kuwa hangejua kwamba mtu yule alipaswa kukataa. Na mimi ndiye niliyezipiga taipu zote mbili, njano na nyeupe, mimi niliyekuwa nakataa mkate mara mbili kila siku kwenye meza hiyo hiyo. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Bi Gunvor. Alitoa ile barua ya mstari mmoja ndani ya kamusi, akaiweka juu ya meza, hakuifungua.

"Nimezisoma kurasa hizi mara sita," alisema. "Kwa lugha yangu. Mtu akinipa chai nasema ndiyo, asante. Miaka kumi na sita. Sikuona."

Bwana Orme alisema mhariri anataka kitabu kifupi na si kirefu. Alisema wasomaji wataona ni watu wasiojua wanachotaka. Alisema kwamba ikirudishwa kila hapana-asante, yule bwana wa gazeti atavisikia viatu vya mbao toka London. Bi Gunvor aliosha vikombe ambavyo vilikuwa havijatumika. Bwana Orme akavaa koti akaondoka, pai yake ikabaki juu ya kabati, na Bi Gunvor alipoiona aliniambia niichukue, kisha akakumbuka kwamba ina nguruwe, tukacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Wiki ile nilidhani kazi yangu imekwisha na urafiki wao umekwisha, na kwamba nimeyafanya yote mawili kwa kidole kimoja.

Jumamosi iliyofuata alikuja na treni ya mapema. Alikuwa na karatasi ya daftari la shule yenye orodha: mahali kumi na nne, kwa sura na ukurasa, ambapo mtu anapaswa kukataa kitu. Kila mahali alikuwa ameandika namna ya kukataa kwa Kiingereza ambacho mkulima angeweza kukisema bila kuchekesha. Pembeni alikuwa na orodha nyingine, ya vinavyotoka ili hivyo viingie. Bi Gunvor alipoisoma aliketi. Vyote vilivyotoka vilikuwa vyake Bwana Orme: maelezo ya theluji alfajiri, aliyoyafanyia kazi majuma matatu na kutusomea kwa sauti akiwa amesimama; taswira ya mto wakati barafu inapasuka, ambayo katika njano ilikuwa mistari miwili na yeye akaifanya nusu ukurasa. Hakueleza. Alisema tu kwamba nyumbani kwake mkewe alimpa chai ya jioni, naye kwa jaribio akaikataa, na mkewe akaichukua akaimwaga. Kisha akaomba mkate wa iliki, na Bi Gunvor alimkaribisha, na kwa mara ya kwanza katika historia ya meza ile Bwana Orme alisema hapana, asante. Bi Gunvor akairudisha sahani. Alimngojesha dakika nzima kabla ya kumkaribisha tena.

Nilipiga taipu kitabu kizima upya, Juni na Julai. London walijibu Septemba. Mhariri alikubali yote, ila aliomba sentensi moja iongezwe mwishoni mwa sura ya kumi na moja, popote tutakapopenda, itakayosema wazi kwamba mume amekufa. Mtu aliyekaa kuandika jibu la kukataa alikuwa Bwana Orme, yeye aliyekuwa ameibuni sentensi hiyo hiyo miezi sita nyuma, na nilifurahi kuipiga taipu barua yake kuliko chochote mwaka ule. Kitabu kilitoka bila sentensi. Kiliuzwa kidogo. Gazeti moja lilisema sura ya kumi na moja ni ya polepole, jingine halikusema kitu, na mchapishaji hakutoa mkataba wa tatu. Ilipita miaka minne kabla mwingine, mdogo, hajabisha hodi. Bi Gunvor aliibandua ile sentensi ya viatu vya mbao juu ya sinki na mahali pake hakubandika chochote. Mimi nilimaliza chuo, nikaingia gazetini kama mpiga taipu, na baadaye kama mwandishi. Niliendelea kumweka aliyekufa kwenye mstari wa kwanza, kwa kuwa gazeti ni gazeti. Lakini kila nilipotumwa kubisha mlango wa mtu aliyefiwa, nilikaa palipo karibu na mlango, nikakubali kuzungumzia mvua.

Jumamosi ile niliyoahidi kwenye simu nilifika nyumba ya wazee saa nane. Mhudumu wa Bi Gunvor, Mercy, binti wa Nyeri, alinipokea kwenye korido.

"Auntie, karibu. Sijamwambia kitu, manager alisema tukungojee," alisema kwa sauti ya chini. "Ameamka vizuri, amekula breakfast yote. Lakini ameniambia niweke vikombe vitatu."

Nilijua ataweka vitatu. Dennis Orme alikuja kila Jumamosi mpaka alipolazwa, kwa treni ile ile siku hizi isiyohitaji basi, na Bi Gunvor aliambiwa tu kwamba ana mafua. Alikuwa amekaa karibu na dirisha. Macho yake sasa hayaoni zaidi ya mwanga, kwa hiyo hushika kila kitu kwanza kwa ncha za vidole, kama anavyofanya mtu anayetafuta ukurasa. Tulizungumza. Nilimweleza kuhusu barabara iliyochimbwa mbele ya maduka. Aliniambia kwamba jirani yake wa chumba cha pili anaimba anapooga. Alisema treni lazima zimechelewa, nami nikasema siku hizi treni hazitabiriki. Nilikuwa nimepanga, njia nzima, jinsi nitakavyokwenda: kwanza barabara, kisha kahawa, kisha hospitali, na baada ya hapo nitaona. Alimimina kahawa kwa kusikiliza sauti ya kikombe kinavyojaa. Akanisogezea sahani, mikate ya dukani sasa, lakini yenye iliki, akanikaribisha.

"Ndiyo, asante," nikasema, nikachukua.

Nilikuwa nimekwisha kuuma mkate nilipogundua nilichofanya. Bi Gunvor hakuondoa mkono kwenye sahani. Alikaa hivyo, uso umeelekea dirishani. Kisha vidole vyake vikatembea juu ya sinia mpaka vikakipata kikombe cha tatu, kikavu, akakigeuza kifudifudi juu ya kisahani chake, taratibu, bila kukigonga. Akaniuliza kama mvua bado inanyesha. Nikamwambia inanyesha. Akasema basi nisiwe na haraka, akanimiminia kahawa ya pili.